Falsafa ya Kocha na Hukumu ya Shabiki: Kandanda Inavyosomwa Butembo na Beni

Falsafa ya uchezaji ni jumla ya mambo ambayo kocha anayaamini kuhusu namna ushindi unavyopatikana: timu isimame wapi uwanjani, mpira ukipotea ufuatwe papo hapo au uachwe, beki aupige mbele au ampe mwenzake aliye karibu, na hatari kiasi gani ikubaliwe ili bao lipatikane. Haifai kuchanganywa na mfumo, yaani ule mpangilio wa wachezaji unaoandikwa kwa tarakimu kama 4-3-3 au 4-2-3-1, kwa sababu makocha wawili wanaweza kuandika tarakimu zilezile ubaoni na timu zao zikacheza michezo miwili isiyofanana hata kidogo. Mfumo humwambia mchezaji mahali pa kuanzia, na falsafa humwambia la kufanya mambo yanapovurugika, na katika kandanda mambo huvurugika kila baada ya sekunde chache.

Katika miji ya Butembo na Beni, inayotenganishwa na kilomita zipatazo 50 za barabara ya taifa namba 2 huko Kivu Kaskazini, suala hili huwafikia watu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni televisheni, inayoleta ligi za Ulaya na timu ya taifa ya Kongo, Léopards, hadi kwenye vibanda vya kuonyeshea mechi. Njia ya pili ni kiwanja cha mji wenyewe, wanakocheza klabu kama AS Nyuki ya Butembo na Capaco ya Beni, ambazo zote mbili ziliwahi kufika katika ubingwa wa taifa uitwao Linafoot. Shabiki aliyeitazama timu ya Pep Guardiola siku ya Jumamosi huenda kiwanjani Jumapili akamhukumu kocha wa mji wake, ambaye wengi humwita kwa neno la Kifaransa entraîneur, kwa kipimo kilekile. Kipimo hicho si cha haki, na sababu si kwamba shabiki wa Butembo hajui mpira, anaujua sana. Sababu ni kwamba falsafa ya kocha haitenganishiki na nyenzo alizo nazo, na nyenzo hizo ndizo zisizoonekana kwenye televisheni.

Falsafa zenyewe ni nyingi, lakini zilizotawala mazungumzo ya dunia kwa miaka 60 iliyopita zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Iko ile ya kulinda kwanza, iliyopata sifa na lawama kupitia Inter ya Milan chini ya Helenio Herrera, iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965 kwa mtindo ulioitwa catenaccio, neno la Kiitaliano lenye maana ya komeo la mlango. Iko ile ya kuumiliki mpira, ambayo mizizi yake ni Ajax na Uholanzi ya Rinus Michels, ikapandwa Barcelona na Johan Cruyff, ikakuzwa na Guardiola. Imani yake ni kwamba timu isiyo na mpira haiwezi kufunga, hivyo ulinzi bora ni kuushika mpira na kuupitisha kwa subira hadi ukuta wa mpinzani ufunguke. Na iko ile ya kukaba juu, yaani kumfuata mpinzani katika nusu yake mwenyewe asipate nafasi ya kupumua, ambayo Arrigo Sacchi aliitumia AC Milan ikawa bingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990, na ambayo Jürgen Klopp aliipeleka Liverpool ikawa bingwa wa Ulaya mwaka 2019. Vijana wa siku hizi huizungumzia zaidi hii ya tatu, ingawa ndiyo inayodai mapafu mazuri kuliko zote, na pia mazoezi mengi zaidi, kwa maana mchezaji mmoja akichelewa hatua mbili wenzake wote tisa wamekimbia bure.

Kongo iliingia katika mjadala huu mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1974, nchi ikiitwa Zaire, timu ya taifa chini ya kocha Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyekuwa golikipa enzi zake na aliyekwisha kuiongoza Moroko katika Kombe la Dunia la 1970, ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, yakiwemo yote manne ambayo Zaire iliifunga Zambia katika fainali iliyokwisha 2-2 na ile ya marudio iliyokwisha 2-0. Miezi michache baadaye timu hiyohiyo, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazili huko Ujerumani Magharibi. Vidinić alilaumiwa kwa mengi, hasa kwa kumtoa golikipa Kazadi baada ya bao la tatu la Yugoslavia. Hata hivyo wachezaji wenyewe walishuhudia miaka ya baadaye kwamba kabla ya mechi ile walikuwa wamekwisha kujua kuwa hawatalipwa marupurupu waliyoahidiwa. Hakuna falsafa, iwe ya komeo au ya kumiliki mpira, inayosimama juu ya timu iliyovunjika moyo chumbani, na hili ni la kukumbukwa kila anapohukumiwa kocha wa Kongo, wa zamani au wa leo.

Mfano ulio karibu zaidi na ulio tajiri kwa somo hili ni wa makocha wawili walioiongoza Léopards katika miaka kumi na kitu iliyopita, Florent Ibenge na Sébastien Desabre. Ibenge, Mkongomani aliyeshika timu ya taifa mwaka 2014 huku akiendelea kuifundisha AS Vita Club ya Kinshasa, aliamini mchezo wa kujenga kuanzia nyuma, pasi za chini, na ujasiri wa kupeleka watu wengi mbele. Oktoba 2014 timu yake iliifunga Kodivaa 4-3 mjini Abidjan, matokeo yanayoeleza falsafa yake vizuri kuliko maneno: mabao manne ugenini, na matatu yaliyopita nyuma. Katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015 ilikuwa nyuma kwa mabao 2-0 dhidi ya majirani wa Kongo-Brazzaville, ikageuza na kushinda 4-2, na mwishoni ikamaliza ya tatu. Februari 2016 akatwaa ubingwa wa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao wenyewe, kwa kuifunga Mali 3-0 mjini Kigali, ambako kijana Meschack Elia alifunga mabao mawili. Kwa mashabiki wa mashariki ushindi huo ulikuwa na uzito wa pekee, maana ulionyesha kwamba mchezaji aliyelelewa katika viwanja vya nyumbani anaweza kucheza kandanda safi bila kupitia Ulaya kwanza.

Kisha ikaja tarehe 22 Juni 2019 mjini Cairo, siku ambayo falsafa mbili zilikutana uso kwa uso. Kongo ya Ibenge ilicheza na Uganda, na kocha wa Uganda alikuwa Desabre, Mfaransa aliyezunguka Afrika kwa miaka mingi, akifundisha miongoni mwa nyingine ASEC ya Abidjan, Coton Sport ya Garoua na Wydad ya Casablanca. Uganda ilishinda 2-0, na mabao yote mawili, la Patrick Kaddu na la Emmanuel Okwi, yalifungwa kwa kichwa kutokana na mipira ya kutenga, yaani mipira inayopigwa ikiwa imesimamishwa, kama kona na adhabu. Kwa Uganda huo ulikuwa ushindi wa kwanza katika fainali za Afrika tangu 1978. Kwa Beni na Butembo, ambako mpaka wa Kasindi uko karibu na biashara na Uganda ni maisha ya kila siku, kufungwa na jirani huyo kuliuma kuliko kufungwa na Misri siku chache baadaye. Kongo ilisonga hadi hatua ya 16 bora, ikatolewa na Madagaska kwa penalti baada ya sare ya 2-2, na Ibenge akaondoka mwaka uleule.

Yafaa kutua kidogo hapa, kwa sababu mechi ile ya Cairo ndiyo inayofunua tofauti ya kweli. Desabre hakuwa na wachezaji wenye vipaji kuzidi wa Ibenge. Alikuwa na orodha fupi ya mambo ambayo timu yake iliyajua kwa moyo. Mabeki na viungo walikaa karibukaribu ili nafasi kati yao isipitike, mpira ulipopatikana ulipelekwa mbele upesi kabla mpinzani hajajipanga, jambo ambalo watangazaji huliita mashambulizi ya kushtukiza, na kila mpira wa kutenga ulichukuliwa kuwa nafasi ya bao iliyofanyiwa mazoezi. Shabiki mwenye haraka huuita mtindo wa namna hii kupaki basi, akimaanisha kujaza watu mbele ya goli na kungoja. Jina hilo haliufai, kwa kuwa timu inayopaki basi haina mpango baada ya kuupata mpira, ilhali timu ya Desabre ilikuwa nao.

Baada ya Ibenge na kipindi kifupi cha Christian Nsengi, shirikisho la kandanda la nchi, FECOFA, lilimchukua Héctor Cúper, Muajentina aliyeifikisha Valencia katika fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, mwaka 2000 na 2001, na kuifikisha Misri katika fainali ya Afrika ya 2017, kila mara kwa nidhamu kali ya ulinzi. Mwezi Machi 2022 Kongo ilitoka sare ya 1-1 na Moroko mjini Kinshasa, ikafungwa 4-1 Casablanca, na tumaini la kwenda Kombe la Dunia la Katar likaisha hapo. Juni mwaka huo ilipoteza mechi mbili za kwanza za kufuzu fainali za Afrika, dhidi ya Gaboni na Sudani, na Cúper akaondoka. Agosti akaitwa Desabre, yule aliyeifunga Kongo akiwa na Uganda.

Aliyoyafanya ndiyo yanayopaswa kusomwa kwa makini na kila anayependa kuhukumu makocha. Kongo ilifuzu ikiwa ya kwanza katika kundi lake. Katika fainali zilizochezwa Kodivaa Januari na Februari 2024 ilitoka sare katika mechi zote tatu za kundi: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Timu isiyoshinda hata mechi moja ya kundi hulaumiwa popote, na wengi walisema kocha hana ujasiri. Kisha ikaitoa Misri kwa penalti 8-7, golikipa Lionel Mpasi akifunga ya mwisho, ikaifunga Guinea 3-1, na kufika nusu fainali, ambako ilifungwa 1-0 na wenyeji. Timu ileile iliyoitwa ya woga ikaitwa ya mashujaa ndani ya siku kumi, bila kubadili mtindo wake. Kilichobadilika ni matokeo, na matokeo hubadili macho ya mtazamaji kabla hayajabadili mchezo wenyewe.

Mwezi Novemba 2025 mjini Rabat, katika mchujo wa Afrika wa kufuzu Kombe la Dunia, falsafa hiyo ilionekana tena waziwazi. Kongo iliitoa Kameruni 1-0 kwa bao la nahodha Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza, kutokana na kona, na siku tatu baadaye ikaitoa Nigeria kwa penalti baada ya sare ya 1-1, ambayo bao la Kongo lilifungwa na Elia, yuleyule wa Kigali wa 2016. Muda wa ziada ulipokaribia kwisha Desabre alimtoa Mpasi, golikipa aliyeaminika, akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu, na Fayulu akazuia. Uamuzi wa aina hii hauzaliwi uwanjani. Ni matunda ya kocha anayeamini kwamba mambo madogo yaliyoandaliwa ndiyo huamua mechi ambazo vipaji vimelingana.

Sasa, shabiki wa Beni na Butembo anategemea nini kwa kocha? Jibu rahisi ni ushindi, lakini halitoshi. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imeishi na mauaji ya raia yanayofanywa na kundi la waasi la ADF; kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 miji yote miwili ilipitia mlipuko wa Ebola ulioua zaidi ya watu 2,200 katika eneo zima; Mei 2021 ukawekwa utawala wa kijeshi unaojulikana kama état de siège; na Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, makao ya serikali ya mkoa yalihamia Beni. Mahali kama hapo timu ya taifa huwa sauti. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali mjini Abidjan, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bastola wakati wimbo wa taifa ukiimbwa, ili dunia ikumbuke wanaokufa mashariki. Kocha wao alisimama nao katika ishara ile. Hakuna ubao wa mbinu unaoonyesha jambo hilo, na bado kwa mtu wa Oicha au wa Mbau, karibu na Beni, ndilo lililokuwa muhimu kuliko sare tatu za kundi. Shabiki huyu anataka kuwakilishwa, na timu inayojitupa mbele ya mpira hadi dakika ya mwisho inamwakilisha hata ikipiga pasi chache.

Matarajio hayohayo yanapomgeukia kocha wa klabu ya mji, mzigo unakuwa mzito kupita kiasi. Klabu ya Butembo au Beni ikipanda ngazi ya taifa haina budi kusafiri kwa ndege kutoka Rughenda au Mavivi, kwa sababu barabara ya Goma inapita maeneo ya vita na nyingine hazina usalama. Chini ya ngazi hiyo, wachezaji wengi wana masomo au kazi nyingine ya kutafutia riziki, mazoezi hukatizwa mapema ili watu wafike makwao kabla ya giza, na kiwanja kikilowa mvua ya milimani, ambayo Butembo haikosi, mpira wa chini hauviringiki unavyotakiwa. Kocha katika hali hiyo akidai golikipa aanze kila shambulizi kwa pasi fupi mbele ya goli lake, kama televisheni inavyoonyesha, anawadhulumu wachezaji wake. Kukaba juu kwa dakika 90 nako ni kwa wanaolala vizuri na kula vizuri wiki nzima. Falsafa ya Desabre, yenye mambo machache yaliyorudiwa hadi yakaingia damuni, iko karibu zaidi na hali ya huku kuliko ya Guardiola, na kuisema hivyo hakuwashushi hadhi vijana wa Butembo; kunawapa njia ya kushinda.

Upande wa pili nao una haki yake. Mashabiki hawalipi kiingilio ili waone mpira ukipigwa juu mbele bila mpango, na kocha asiyeweza kueleza kwa sentensi mbili timu yake inajaribu kufanya nini hana falsafa, ana bahati tu, na bahati haidumu msimu. Hata huko Ulaya mgongano huu haujatatuliwa. Ange Postecoglou aliipa Tottenham kombe la Europa League Mei 2025, la kwanza kwa klabu hiyo tangu 2008, huku timu ikimaliza ya 17 katika ligi ya Uingereza kwa mchezo wa kushambulia ambao hakutaka kuuacha, na wiki mbili baadaye akafukuzwa. Mashabiki wengi waligawanyika, na kila upande ulikuwa na hoja, kwa kuwa mmoja ulipima kumbukumbu ya usiku mmoja na mwingine ulipima mechi 38.

Uongozi wa klabu ndio unaokosea zaidi katika haya yote, kwani mara nyingi humwajiri kocha bila kumwuliza anaamini nini, kisha humfukuza kwa sababu ya imani hiyohiyo. Klabu inayotaka kucheza kwa pasi inapaswa kumpa kocha wa namna hiyo vijana wa miaka 14 na 15, si wazee wa kukopwa, na imwache angalau misimu miwili. Ile inayotaka kubaki daraja mwaka huu imtafute mwenye nidhamu ya ulinzi, na iwaambie mashabiki ukweli mapema. Redio za Butembo na Beni, ambazo hutangaza mechi za mji kwa bidii kubwa, zinaweza kusaidia kwa kumwuliza kocha swali hilo kabla ya msimu kuanza badala ya kungoja afungwe.

Na shabiki atakayeshuka kwenye kiwanja cha Matokeo mjini Butembo Jumapili ijayo anaombwa jambo moja. Katika dakika kumi za kwanza asiufuate mpira. Awatazame mabeki wa timu yake mpira unapokuwa upande wa pili, aone kama wanasogea pamoja au kila mmoja anasimama peke yake. Atazame wanachofanya katika sekunde tano baada ya kuupoteza. Ahesabu ni kona ngapi zilizopigwa kwa mpango. Akiona kwamba mambo hayo yanarudiwa kwa utaratibu, basi kocha yuko kazini, hata ubao ukisoma 0-1, na anastahili kuachiwa timu hadi mwisho wa msimu.